Herini kwa Ng'ombe wa Amana

Katika duka ninamofanya kazi, pale Ukunda, la kuchapisha na kutoa nakala, kuna stepla moja kubwa ya chuma, ile ya kubania makaratasi mengi kwa pamoja. Ukiikandamiza kwa kiganja hulia "kach!", na mimi hushtuka kila mara. Mwenzangu wa dukani, msichana mchangamfu aliyetoka bara, hunicheka hadi machozi yamtoke.

"Meju, si ni stepla tu? Mbona unaruka hivyo?"

Simlaumu. Yeye hakukulia kwetu. Mlio ule naujua kutoka mahali pengine, na kila unapolia huniletea harufu zake: mavi ya ng'ombe yaliyokaukia juani, dawa ya zambarau ya vidonda, na jasho la watu waliosimama karibu karibu bila kuaminiana.

Nikwambie mapema, msomaji wangu, ili tusije tukalaumiana: mimi ni mtu wa kushuku. Nikipewa kitu cha bure hukigeuza nione upande wa pili. Mtu akinichekea sana huanza kujiuliza anataka nini. Sikuzaliwa hivyo, nililelewa hivyo, na mlezi wangu alikuwa Nyanya yangu, mzaa baba, ambaye katika kushuku hakuwa na mpinzani. Sukari ya duka jipya aliionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akangoja. Mgeni akimsifu mtoto, mtoto yule aliondolewa haraka akapelekwa uani. Babu, Mzee Mwero, alikuwa mpole kuliko yeye na mtu wa maneno machache, lakini hata yeye akisikia mngurumo wa gari la serikali alikwenda kwanza kusimama mlangoni pa zizi, ndipo akaitikia salamu.

Kwetu ni nyuma ya Lungalunga, ukiiacha lami na minazi mpaka udongo ugeuke mwekundu na miti ibaki ya miiba. Watu wakisikia Kwale hufikiria mchanga mweupe wa Diani na watalii waliolala kifudifudi. Sisi bahari tuliisikia kwa habari. Tulikuwa watu wa ng'ombe, na ardhi yetu ilikuwa ranchi ya jamii, maana yake ni yetu sote na si ya mtu mmoja. Kila mkubwa aliyekuja alikuja na lake. Huyu alitaka tupunguze mifugo, yule alitaka tugawiwe vipande, wa tatu akasema kugawana ni kosa, turudi kuwa pamoja. Wazee waliwasikiliza wote, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani kuulizana ni nini hasa kilichotakwa.

Jambo moja tu halikubadilika, nalo ni majani ya upande wa silanga. Silanga ni bwawa letu la kuchimbwa, lililokusanya maji ya mvua. Upande ule haukuchungwa wakati wa neema. Uliachwa majani yarefuke mpaka yakanifika kiunoni, yakauke yakiwa yamesimama, yangojee kiangazi. Hapakuwa na waya wala askari. Mtu akipeleka ng'ombe kabla ya wakati, wanawake walimsema kisimani kwa sauti ya kusikika, mpaka akaona haya akawarudisha.

Katika zizi letu walilala ng'ombe wa Babu, na walilala pia ng'ombe wasio wa Babu. Hao wengine walikuwa wa Mutiso.

Mutiso alikuwa Mkamba aliyehamia kwenye skimu ya makao kule Shimba Hills, ardhi ya serikali iliyogawiwa wakulima, Mkristo wa kanisa la asubuhi na jioni. Shamba lake lilikuwa na mahindi, ndizi na machungwa, lakini malisho hakuwa nayo, na mbung'o wa msitu wa huko walikuwa wakiuma ng'ombe mpaka wakanyong'onyea na kufa. Kwa hiyo aliwaweka ng'ombe wake kwetu, kwa amana. Maziwa tulikunywa sisi, ndama walikuwa wake, na mara kwa mara Babu alipewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, kuwa ahsante. Hiyo ilikuwa njia yetu ya kuishi, na ndiyo iliyofanya ukame wa mahali pamoja usimfilisi mtu. Adabu yake ilikuwa kwamba mbele za watu hakuna anayeuliza, "Huyu ni wa nani?" Mwenye kujua anajua. Mwenye shaka alitazama sikio, kwa maana ng'ombe wa Mutiso walikuwa na mkato mdogo kwenye sikio la kushoto, na wa kwetu hawakuwa nao.

Nilimpenda Mutiso. Alikuja kwa bodaboda akiwa amevaa koti jeusi hata jua likiwaka, na gunia la machungwa limekaa baina yake na dereva kama abiria wa tatu. Aliniita "mke wangu," nami nilimjibu kwamba kwanza alete mahari. Kisha yeye na Babu walikaa mlangoni pa zizi wakizungumza habari za ng'ombe tu, hasa za Syombua, ng'ombe wake mwekundu mwenye pembe moja iliyoinamia jicho. Saa zilipita. Nyanya, ambaye hakumwamini hata imamu akichelewa kumaliza hotuba, alimwamini Mutiso. Alimwachia hata kikombe chake mwenyewe cha chai.

Mradi wa malisho ulikuja majani yakiwa mabichi, na hilo peke yake lilimtia Nyanya wasiwasi. "Watu wa miradi huja na njaa," alisema. "Hawa wamekuja tumeshiba. Kuna jambo."

Afisa wao alikuwa kijana mstaarabu mwenye kofia pana. Alitoa shikamoo kwa kila mzee mmoja mmoja, na Nyanya akaiongeza adabu hiyo katika hesabu ya mashaka yake. Alichokisema, nikikikumbuka leo, kilikuwa na ukweli mwingi. Alisema majani yanakwisha. Makundi ya mbali yanaingia bila kuuliza, ardhi haipumziki, na watoto wetu watarithi vumbi. Kwa hiyo upande wa silanga utazungushiwa waya na kuwekewa askari. Ng'ombe wa kijiji watavishwa herini za plastiki za manjano zenye namba ya zizi, na kiangazi kikija watakaoingia kula na kunywa ni wenye herini peke yao. Kwa maneno mengine alitaka tufanye kile tulichokuwa tukikifanya, ila sasa kwa waya na plastiki.

Ungesikia maneno yaliyozuka! Wengine walisema ndani ya herini kuna kitu kinachopeleka habari Nairobi. Wengine walisema ng'ombe aliyevishwa hukauka maziwa. Aliyeonekana mwenye akili kuliko wote alisema kwamba mwenye herini ndiye mwenye ng'ombe, na mwenye herini ni serikali. Watu walianza kuficha mifugo vichakani. Nyanya alijifunga leso kichwani akaziba masikio yote mawili. "Leo ng'ombe," alisema. "Kesho watakumbuka kwamba na sisi tuna masikio."

Babu alikaa mlangoni pa zizi siku kadhaa akiwatazama ng'ombe. Kisha asubuhi moja akanipa fimbo, akawatenga ng'ombe wa Mutiso peke yao, akaniambia tuwaswage kwenda kuvishwa. Wa kwake akawaacha zizini.

Nyanya alisimama njiani mikono kiunoni. "Mwero, wako umewaacha na wa mwenzio unawapeleka? Kitu kikiwa kizuri ungeanza na wako. Kikiwa kibaya, wamuonjesha Mutiso?"

"Wangu, kiangazi kikikaza, Bakari atawaswaga hata mpaka ranchi za Taita," Babu alijibu. Bakari alikuwa ami yangu, mdogo wa baba. "Wa Mutiso siwezi kuwahamisha mbali bila yeye kuniruhusu. Ni amana. Watakaa hapa hapa, na wakikaa hapa lazima waingie silanga."

"Basi mpigie simu umwambie."

Babu alimtazama kama aliyeambiwa avue nguo sokoni. "Mambo ya ng'ombe husemwa kwenye simu? Nani ajuaye ni masikio ya nani yamo humo? Nitamwambia akija."

Msimu ule Mutiso hakuja. Mahindi yake yalikuwa yakiliwa na ndovu, akawa halali wala hasafiri.

Kwenye kibanio cha miti, kile cha kumbana ng'ombe asiruke, tulipanga foleni. Afisa alikuwa na koleo kama la fundi, na mtu wake mwingine alikuwa na chupa ya dawa ya zambarau. Ilipofika zamu yetu, Babu alivua kofia yake ya vito.

"Hawa si wangu, mwanangu. Wana mwenyewe, yuko Shimba Hills. Muandike yeye."

Afisa alitabasamu kwa upole. "Wanalala zizi la nani, mzee?"

"Langu."

"Anayewachunga ni nani?"

"Mimi."

"Basi ni wako. Mradi hautambui ng'ombe wa mtu asiyekuwapo."

Babu aliirudisha kofia kichwani. Mimi nilikuwa nimemshika Syombua kamba. Nilisikia "kach!", na herini ya manjano yenye namba ya zizi letu ikaning'inia kwenye sikio la kushoto, juu kabisa ya ule mkato wa Mutiso, hata mkato wenyewe ukawa hauonekani. Syombua alitikisa kichwa na matone ya damu yakanirukia kwenye gauni. Nyanya hakuyafua mpaka alipoyasomea dua.

Kiangazi kilikuja kikali. Bakari aliondoka na ng'ombe wetu kuelekea Taita, na huko, ami yangu alitusimulia baadaye, kila alipofika alikuta waya. Ranchi hii imekodishwa, ile ni hifadhi, nyingine ina askari wenye bunduki. Njia za zamani walizokuwa wakipita ng'ombe wa babu zetu zilikuwa zimefungwa mahali pasipo hata kibao. Ng'ombe wetu walianguka njiani mmoja mmoja. Wakati huo huo wa Mutiso walikuwa ndani ya waya wa silanga, majani yakiwafika tumboni, wakinenepa mbele ya kijiji chenye njaa. Kila aliyepita aliona manyoya yanang'aa, akaona herini, akasema, "Ng'ombe wa Mwero wamenona." Wengine hawakuishia hapo. Walikumbushana kwamba Mwero hakuwavisha wa kwake, akawavisha wa rafiki yake tu, akawaandikisha kwa namba yake. Ukiyapanga hivyo, hata mimi ningeshuku.

Maneno yale yalisafiri mpaka soko la Ukunda, na sokoni yakamkuta Mutiso.

Alikuja na mwanawe mkubwa na kamba. Machungwa hayakuwapo. Nilimkimbilia nikamwamkia, akaitika bila kuniita mke wake. Nyanya alimletea kiti na maji, akakataa kukaa na akakataa kunywa, na kwetu mtu akikataa maji yako amekwisha kusema mengi. Alikwenda moja kwa moja silangani tukimfuata, akamshika Syombua sikio, akainua herini kwa kidole akautazama mkato wake chini yake. Kisha akageuka, mbele ya askari, mbele ya wachungaji, mbele ya wanawake wenye ndoo.

"Mwero, huyu ng'ombe ni wa nani?"

Nilimtazama Babu. Nilitaka aseme yote: habari za Taita, habari za amana, maneno ya afisa. Alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri. Lakini alikuwa ameulizwa swali lisiloulizwa, tena hadharani, na mtu aliyekuwa akinywea kikombe cha mkewe. Uso wake ulikauka.

"Chukua walio wako," alisema, akaondoka.

Waliwaswaga jioni ile ile. Nyanya aliwafuata hatua chache akimwita Mutiso kwa jina, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mwanamume yeyote. Hakugeuka. Nililia kwa hasira, na hasira yangu ilikuwa kwa wote wawili.

Baada ya muda afisa alipita, kwa heshima zile zile, kumjulisha Babu kwamba zizi lisilo na ng'ombe wa herini halina nafasi tena silangani. Nafasi yake ilipewa zizi jingine. Bakari aliporudi na ng'ombe wachache wenye mbavu za kuhesabika, tuliwachunga kando ya barabara kama mbuzi wa mjini.

Kiangazi cha pili Mutiso alirudi, peke yake, amebeba gunia. Nilidhani ni machungwa, nikajizuia kufurahi. Alilifungua mbele ya Babu akatoa ngozi kavu ya ng'ombe mwekundu, na masikio yake.

Hapa lazima nikueleze. Ng'ombe wa amana akifa, aliyewekewa humpelekea mwenyewe ngozi, pamoja na masikio yenye alama, aone kwa macho yake kwamba hakuuzwa wala hakuliwa kwa siri. Ngozi hutoka kwa mtunzaji kwenda kwa mwenye mali. Sasa mwenye mali ndiye aliyekuja nayo. Nyanya alinivuta jikoni, akaninong'oneza kwa meno yaliyoumana, "Amekuja kututukana. Anasema herini ni yenu, basi na mzoga ni wenu." Nami niliamini hivyo hivyo.

Babu aliipokea kwa mikono miwili.

"Mbung'o?" aliuliza.

"Mbung'o."

"Pole, ndugu yangu."

"Pole na wewe."

Wakakaa. Chai ilipoletwa Mutiso aliinywa. Kisha akasema, akitazama chini, "Mwero, Syombua ameacha mtoto, mtamba. Kule kwangu atamfuata mama yake. Nataka nikuletee."

Babu aliikunja ile ngozi polepole. "Hapana, Mutiso," alisema mwishowe. "Hapa hana pa kula."

Mutiso aliitikia kwa kichwa, akamaliza chai, akachukua koti lake. Tuliposikia bodaboda ikiondoka, Nyanya alisema kwamba Babu hajasamehe, anamlipiza kisasi kwa adabu. Niliona amesema kweli. Nadhani hata Mutiso, njia nzima, aliona hivyo hivyo.

Baada ya hapo Babu akaanza tabia mpya. Kila siku ya soko alioga mapema, akavaa shati jeupe la Ijumaa, akapaka viatu mafuta ya nazi, akatoka bila kuaga. Nyanya alivumilia juma la kwanza. Juma lililofuata akawa ananusa shati. "Mwanamke," alihukumu. "Na umri ule." Akanituma nimfuate, nijifanye nimekwenda kununua kiberiti.

Nilimfuata mpaka ofisi ya mradi, banda la mabati lenye baraza. Babu alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia gotini, mbele ya afisa. Nilijibanza nyuma ya tangi la maji.

"Naomba herini moja," nilimsikia akisema. "Ya mtamba."

"Mtamba yuko wapi, mzee? Tumekwisha kuzungumza haya."

"Yuko Shimba Hills, kwa mwenyewe."

"Na mwenyewe si wewe."

"Si mimi. Lakini atalala zizini kwangu."

"Mlete kwanza tumwone, halafu tutaona kama nafasi ipo."

"Nikimleta kabla ya nafasi atakula nini? Nipe nafasi kwanza, ndipo nimwite."

"Utaratibu hauko hivyo," afisa alisema, bila ubaya wowote.

Nilitoka pale mbio. Kwa akili yangu niliyolelewa nayo, jambo lilikuwa wazi: Babu alikuwa akimtakia ng'ombe wa mtu herini yetu, kwa siri, amevaa shati la Ijumaa. Basi Mutiso hakukosea. Nilimwambia Nyanya kwamba mwanamke hakuna, na yaliyobaki nikayameza. Babu aliendelea kwenda mpaka miguu ilipomkataa, nami kwa miaka mingi nilimtazama kwa jicho la pembeni, yeye aliyenibeba mgongoni.

Alipofariki nilikuwa msichana mkubwa. Siku ya matanga Mutiso alikuja na koti lake jeusi, amezeeka. Hakuingia walimokaa wanaume, aliketi pembeni, karibu na zizi tupu. Nilimpelekea maji. Aliyashika tu mkononi.

"Meju," aliniuliza, "babu yako amekufa na kinyongo na mimi? Nilitaka kumletea mtoto wa Syombua, akamkataa."

Nilianza kumjibu neno la kumtuliza, lolote, kama tufanyavyo matangani. Badala yake nikajikuta nikimsimulia baraza la ofisi, shati jeupe, kila siku ya soko, "Nipe nafasi kwanza, ndipo nimwite." Na nilipokuwa nikiyatamka kwa kinywa changu ndipo nilipoyasikia kwa mara ya kwanza. Babu alikuwa amesema kweli tupu: pale hapakuwa na pa kumlishia ndama. Hakuwa amekataa. Alikuwa amekwenda kutafuta majani.

Mutiso alisikiliza mpaka mwisho. Maji aliyoyashika yakammwagikia kwenye viatu.

"Mimi nilidhani ananing'oa moyoni," alisema. "Nilimfungia yule mtamba ndani, nikamkatia majani kwa mkono, mbung'o wasimpate. Nilikuwa nangoja Mwero aniite. Amezaa mara mbili, Meju. Bado namngojea."

Ule waya uko mpaka leo na majani ndani yake ni mazuri, sitasema uongo. Afisa hakuwa mwizi, na nimemchunguza sana kichwani mwangu nione kama alikuwa. Alitaka kuyalinda malisho, akayalinda. Ila katika sheria yake kila ng'ombe alikuwa na zizi moja na mtu mmoja, na hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba ng'ombe mmoja anaweza kuwa wa watu wawili wanaopendana. Sisi nasi tulikuwa tumezoea kutafuta kilichofichwa nyuma ya kila neno, na mzee wetu aliposema wazi kwamba majani hayapo, hakuna hata mmoja wetu aliyemwamini.